Visanamu vya Rangi Mbele ya Kamera ya Bei Nafuu

Visanamu vya kupaka rangi ni askari, wachawi, mazimwi na mashujaa wa kubuni wanaotengenezwa kwa madini, plastiki au rezini, kisha kupakwa rangi kwa mkono. Kipimo kilichoenea zaidi katika michezo ya vita ya mezani ni milimita 28, ambao ndio urefu wa kisanamu cha mtu mzima. Uso wa kisanamu hicho unakaribia punje ya mtama, na jicho lake ni kama nusu milimita. Ndani ya eneo hilo mpakaji huweka weupe wa jicho, mboni, kivuli cha kope na wekundu wa shavu. Kumwonyesha mtu mwingine kazi hiyo bila kumkabidhi kisanamu chenyewe, pamoja na kioo cha kukuzia, kunahitaji picha.

Ufundi huu umekita mizizi Uingereza. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kuuza askari wa madini ya risasi wenye uwazi ndani, na kipimo chao cha milimita 54 kikawa cha kawaida kwa wakusanyaji. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kuchezea askari wa aina hiyo. Games Workshop, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1975 na ambayo sasa makao yake yako Nottingham, iliufanya upakaji rangi kuwa nusu ya mchezo wenyewe, na tangu mwaka 1987 ina mashindano ya wapakaji yanayoitwa Golden Demon. Kwa muda mrefu picha nzuri za visanamu zilipatikana katika studio za majarida tu. Aliyejaribu nyumbani kwa kamera ya filamu alisubiri filamu isafishwe ndipo agundue kwamba uso wote umeingia ukungu.

Kamera za dijitali ziliondoa kungoja huko. Nikon Coolpix 950 ya mwaka 1999 iliweza kulenga kitu kilicho sentimita 2 tu kutoka kwenye lenzi, na matokeo yalionekana papo hapo. Katika miaka kumi iliyofuata, kamera za mfukoni zenye uwezo kama huo zikawa bidhaa ya kawaida madukani, na leo nyingi zinauzwa kama mitumba kwa bei ndogo. Hata hivyo picha mbovu za visanamu bado ni nyingi, na lawama huangukia kamera. Ukizichunguza picha hizo moja moja, makosa karibu yote ni ya taa, umbali na mtikisiko, mambo ambayo kamera ghali ingeyarudia vilevile.

Faida ya kihisi kidogo

Tatizo la kwanza la kupiga picha kitu kidogo kwa karibu ni kina cha fokasi, yaani masafa ya mbele na nyuma ya sehemu iliyolengwa ambayo bado huonekana wazi. Kadiri kitu kinavyokuzwa, ndivyo masafa hayo yanavyopungua. Hapa kamera ya bei nafuu ina faida ambayo wenye nayo wengi hawaijui.

Chukua eneo la urefu wa milimita 60, linalotosha kisanamu kimoja pamoja na nafasi kidogo juu na chini. Kamera kubwa yenye kihisi (kipande kinachonasa mwanga) cha milimita 36 kwa 24, tundu la lenzi likiwekwa f/8, hutoa kina cha fokasi cha kama milimita 4. Kamera ya mfukoni yenye kihisi cha takriban milimita 5.8 kwa 4.3, kwa eneo lilelile na tundu lilelile, hutoa kama milimita 17. Kisanamu cha kawaida husimama juu ya kitako cha duara chenye kipenyo cha milimita 25, na mara nyingi ncha ya upanga wake hutokeza mbele ya kitako. Kwenye kamera kubwa, uso ukiwa wazi, mkono wenye upanga huwa tayari umeingia ukungu. Kwenye kamera ndogo, uso, kifua, ngao na sehemu kubwa ya upanga huonekana kwa pamoja.

Faida hiyo hupatikana kwa kubana tundu. Likiachwa wazi kwenye f/2.8, kina kilekile cha kamera ndogo hushuka hadi kama milimita 6. Kwa hiyo kamera inayomruhusu mtumiaji kuchagua tundu mwenyewe ina thamani kuliko ile yenye megapikseli nyingi. Canon PowerShot A570 IS ya mwaka 2007, kwa mfano, ilikuwa ya bei ya kawaida na ilitumia betri ndogo za kawaida, lakini ilikuwa na njia za kupanga tundu na kasi ya shata kwa mkono. Tundu likibanwa mno, mwanga husambaa unapopenya na picha yote hulainika kidogo. Picha ya megapikseli 7 ina pikseli 3072 kwa 2304, na ya kuonyeshwa kwenye skrini haihitaji kuzidi pikseli 1000 kwa urefu, hivyo sehemu kubwa ya ulaini huo hupotea picha inapopunguzwa.

Umbali na umbo

Alama ya ua kwenye kamera ndogo huwasha hali ya makro, inayoruhusu lenzi kulenga kitu kilicho karibu sana. Wanaoanza huiwasha na kuisogeza kamera hadi inakaribia kugusa kisanamu. Hilo huzaa makosa mawili kwa mpigo: lenzi yenyewe huziba mwanga, na umbo la kisanamu huharibika.

Uharibifu huo unaweza kuhesabiwa. Uso ukiwa milimita 50 kutoka kwenye lenzi, na ngumi iliyoshika upanga ikiwa milimita 15 mbele ya uso, ngumi iko milimita 35 tu kutoka kwenye lenzi, na picha huichora kubwa kwa asilimia 43 kuliko inavyostahili ikilinganishwa na uso. Askari aliyechongwa kwa uwiano mzuri anaonekana ana ngumi ya jitu na kichwa cha mtoto. Kamera ikirudishwa nyuma hadi milimita 300, tofauti ileile hushuka hadi asilimia 5, ambayo jicho haliioni.

Kwa hiyo kanuni ni kurudi nyuma na kuvuta kwa zumu ya lenzi hadi pale kamera inapoweza bado kulenga. Kamera nyingi za mfukoni hulenga karibu kabisa zumu ikiwa haijavutwa, na zikivutwa huhitaji sentimita 30 au zaidi, hivyo kisanamu hakitaijaza picha. Hilo halina madhara. Kikichukua nusu ya urefu wa picha ya megapikseli 7, bado kina pikseli zaidi ya 1100, na kingo tupu hukatwa baadaye. Tena kurudi nyuma huongeza kina cha fokasi. Zumu ya dijitali haina kazi hapa, kwa kuwa hukata na kutanua pikseli zilezile ambazo mtu angezikata mwenyewe kwa uangalifu zaidi.

Kimo cha kamera nacho kina uzito wake. Ikitazama kutoka juu, jinsi mchezaji anavyoliona jeshi lake mezani, picha hujaa mabega na kofia. Ikishushwa hadi usawa wa kifua cha kisanamu, mtazamaji hukutana na askari ana kwa ana, na udogo wake husahaulika.

Mwanga

Flashi ya kamera ndiyo adui wa kwanza wa rangi. Hutoka sehemu moja ndogo kando ya lenzi, hufuta vivuli vyote vilivyo mbele, huacha doa jeupe kwenye kila sehemu yenye vanishi, na kutupa kivuli kizito nyuma. Wapakaji wengi hupaka visanamu kana kwamba jua liko juu yake: sehemu za juu za mikunjo ya nguo hung'arishwa, na za chini hutiwa kivuli. Flashi ya usoni huifuta kazi hiyo. Taa inayotoka chini huipindua, ikaangaza pale mpakaji alipotia giza. Basi mwanga mkuu unatakiwa utoke juu na mbele kidogo, uafikiane na jua la kubuni lililo akilini mwa mpakaji.

Umuhimu wa mwafaka huo huonekana zaidi kwenye mtindo wa kuiga chuma kwa rangi zisizo na chembe za metali. Upanga hupakwa kijivu, nyeupe na bluu ya usiku, ili uonekane unameta bila kumeta. Ukitazamwa kutoka upande alioukusudia mpakaji, ni chuma kitupu. Kisanamu kikizungushwa robo duara, hubaki mistari ya kijivu. Rangi zenye chembe za metali zina tabia iliyo kinyume: humeta kweli, na chini ya taa kali isiyochujwa hugeuka nukta nyeupe zilizotapakaa.

Dawa ni kuulainisha mwanga, na hapo udogo wa kisanamu ni msaada mkubwa. Ulaini wa mwanga hutegemea ukubwa wa chanzo chake ukilinganishwa na kitu kinachoangazwa. Kumlainishia mtu mwanga studioni huhitaji kitambaa cha mita moja au mbili. Kwa kisanamu cha milimita 28, karatasi moja ya A4, yenye urefu wa milimita 297, ni kubwa mara kumi na ushee, na ikiwekwa mbele ya taa ya mezani hugeuka anga lenye mawingu. Ndiyo maana boksi la katoni lililokatwa madirisha pembeni na juu, kisha likafunikwa karatasi nyembamba nyeupe au kitambaa cha pamba, hufanya kazi iliyo karibu sana na ya hema la mwanga la dukani.

Taa mbili za mezani zinatosha: moja juu upande wa kushoto au kulia, nyingine upande wa pili ikiwa mbali zaidi ili ijaze vivuli bila kuvimaliza. Umbali una hesabu yake, kwa sababu nguvu ya mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Balbu ikiwa sentimita 10 juu ya kichwa cha kisanamu, miguu hupata kama asilimia 61 tu ya mwanga unaopata kichwa, na buti alizozihangaikia mpakaji huzama gizani. Balbu ikiinuliwa hadi sentimita 40, miguu hupata asilimia 87. Pale taa ya pili inapokosekana, kipande cha karatasi nyeupe kikisimamishwa upande wa kivuli hurudisha mwanga wa kutosha.

Mwanga wa dirishani, siku ya mawingu au upande usiopigwa na jua, ni mzuri na hauna gharama. Ubaya wake ni kubadilika: mfululizo wa picha ulioanza saa nne asubuhi hautafanana na uliomalizika saa kumi jioni.

Ukweli wa rangi

Balbu ya rangi ya joto ina kipimo cha Kelvin 2700 hivi, na mwanga wa mchana wenye mawingu hukaribia 6500. Jicho la mtu hujirekebisha bila mwenyewe kujua, lakini kamera huhitaji kuambiwa. Ikiachwa ijichagulie chini ya balbu ya joto, aghalabu huacha umanjano: nyeupe ikawa ya maziwa ya mtindi, bluu ikawa ya kijivu. Marekebisho hufanywa kwa kuionyesha kamera karatasi nyeupe chini ya taa zilezile na kuiamuru iihesabu kuwa nyeupe. Kamera nyingi ndogo zina sehemu ya kufanya hivyo kwenye menyu.

Lisilorekebishika ni mchanganyiko wa taa za aina mbili. Dirisha likiwa kushoto na balbu ya joto kulia, nusu moja ya kisanamu huwa ya bluu na nyingine ya chungwa, na ukiiponya moja unaiumiza nyingine. Taa zote ziwe za aina moja, na mapazia yafungwe. Ubora wa balbu nao huchunguzwa. Balbu za LED za bei ya chini huwa na upungufu katika sehemu nyekundu ya mwanga, hivyo joho jekundu na ngozi ya uso hufifia hata baada ya kurekebisha weupe. Kifungashio kikiandikwa kipimo cha uaminifu wa rangi, kinachofupishwa CRI au Ra, balbu yenye 90 au zaidi inafaa kwa kupaka na kwa kupiga picha vilevile.

Mandhari ya nyuma

Karatasi ya manila iliyolazwa mezani na kukunjwa kwa mviringo kupanda ukutani, bila kona, huondoa mstari unaoikata picha katikati na kukiachia kisanamu uwanja. Kikisimama sentimita 15 au 20 mbele ya sehemu inayopanda, kivuli chake hakifiki huko. Rangi ya karatasi ichaguliwe kwa makini, kwa kuwa hurudisha rangi yake juu ya kitu kilicho karibu: manila nyekundu huacha wekundu chini ya kidevu na kwenye buti. Kijivu, au bluu hafifu inayofifia kuelekea chini, ndizo salama.

Nyeupe na nyeusi zina mtego mwingine. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kinachokiona kina wastani wa kijivu. Mbele ya manila nyeupe, hupunguza mwanga ili weupe uwe kijivu, na kisanamu hutoka cheusi kama kilichoponea moto. Mbele ya kitambaa cheusi, huongeza mwanga hadi uso wa kisanamu kupauka. Kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa ndicho tiba: kuongeza hatua moja hivi kwenye nyeupe, kupunguza moja kwenye nyeusi, kisha kutazama matokeo na kusahihisha.

Utulivu na kulenga

Tundu likibanwa hadi f/8 na taa zikiwa za mezani zilizochujwa, shata huweza kukaa wazi robo sekunde au hata sekunde nzima. Hakuna mkono unaotulia kiasi hicho. Kwa bahati nzuri kisanamu hakipepesi macho wala hakichoki, hivyo muda mrefu hauna hasara mradi kamera isitikisike. Stendi ndogo ya miguu mitatu hutosha, na isipokuwepo, kamera hukalishwa juu ya vitabu au juu ya mfuko mdogo wa mchele, ambao hulishika umbo la kamera na kuruhusu kuielekeza. Hata hivyo kubonyeza kitufe kwenyewe ni mtikisiko, kwa hiyo hutumika saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 au 10.

Kamera ikitulia, ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kihisi kwa mwanga, iwekwe chini kabisa, 80 au 100. Kihisi kidogo kikipandishwa hadi 400 na kuendelea huzalisha chengachenga zinazofanana na rangi iliyopakwa vibaya. Programu ya kamera nayo hujaribu kuzifuta, na katika kufuta hulainisha mapambo madogo yaliyochorwa kwa brashi. Katika upigaji wa kisanamu, mtikisiko na ISO ya juu ndivyo vinavyostahili lawama ambayo kwa kawaida hutupiwa lenzi.

Kulenga kwa otomatiki hutafuta mipaka ya giza na mwanga, na kamera ikiachiwa eneo zima huweza kushika kitako chenye mchanga au ukuta wa nyuma. Hali ya kulenga katikati tu huwekwa, kitufe hubonyezwa nusu juu ya uso, kisha kamera huthibitisha. Kwa umbali huu mdogo, kina cha fokasi hugawanyika karibu sawasawa mbele na nyuma ya sehemu iliyolengwa. Kwa hiyo upanga ukitokeza mbele sana, hulengwa kitu kilicho kati ya upanga na uso, kama ukingo wa ngao, ili vyote viwili viangukie ndani ya masafa.

Kazi ya kompyuta

Baada ya kupiga, marekebisho machache hutosha: kukata kingo, kusawazisha giza na weupe, kupunguza picha hadi ukubwa wa kuonyeshwa, na kuinoa kidogo mwishoni. Kunoa kabla ya kupunguza ni kazi bure. Programu ya GIMP, isiyolipiwa, hufanya hayo yote. Kwa visanamu vyenye kina kikubwa, kama zimwi lenye mabawa, picha kadhaa zilizolengwa hatua kwa hatua kutoka mbele hadi nyuma huunganishwa kuwa moja iliyo wazi kote. Kazi hiyo hufanywa na programu kama CombineZP, ambayo ni ya bure, au Helicon Focus, ya kulipia. Kwa baadhi ya kamera ndogo za Canon, programu ya wapenzi iitwayo CHDK huongeza uwezo ambao kiwanda hakikuuweka, ukiwemo wa kuhifadhi picha ghafi.

Kuna mpaka wa uungwana katika kazi hii. Kurekebisha mwanga ili picha ifanane na kisanamu ni haki. Kufuta nywele ya brashi iliyoganda kwenye rangi au kuongeza mng'ao usiokuwepo, hasa kisanamu kinapouzwa, ni kumpotosha mnunuzi.

Mipaka ya kamera ndogo

Simu za siku hizi hufuata kanuni zilezile, kwa kuwa nazo zina vihisi vidogo na kina kikubwa cha fokasi. Tofauti ni kwamba nyingi zina tundu lisilobadilika na lenzi pana inayomvuta mtu akaribie mno. Simu iliyorudishwa nyuma, ikasimamishwa imara chini ya taa zilizochujwa, hutoa picha ambayo mtazamaji wa skrini hataitofautisha kirahisi na ya kamera kubwa.

Mahali kamera ya bei nafuu inaposhindwa kweli ni pachache. Bango la ukutani huhitaji undani kuliko ambao kihisi kidogo kinaweza kuukusanya. Kisanamu chenye joho jeusi na upanga unaometa huhitaji kamera iwezayo kushika giza na mwanga kwa wakati mmoja, na hapo kihisi kikubwa hushinda. Na kwa karibu kabisa, kama picha ya jicho peke yake, hakuna mbadala wa lenzi ya makro halisi.

Picha ikishatoka vizuri, hufichua kazi ya mpakaji kuliko anavyotarajia. Kisanamu cha milimita 28 kikionyeshwa kwenye skrini kwa urefu wa sentimita 20 kimekuzwa mara saba, na mkwaruzo wa brashi wenye upana wa milimita 0.2, usioonekana mezani, hugeuka mstari wa milimita 1.4. Wapakaji wengi kwa hiyo hupiga picha kabla ya kumaliza kazi, huziba kasoro walizoziona kwenye skrini, kisha hupiga tena, na vanishi isiyong'aa huja mwisho.